Matundu Sita ya Ukuta wa Magharibi

Lori la serikali liliwateremsha kivukoni saa tatu asubuhi, Ijumaa, na dereva akawaambia bila kuzima injini kwamba saa kumi jioni anageuza kurudi Mbeya, wawepo wasiwepo. Sajenti Gwakisa akapangusa vumbi usoni. Huko juu Tunduma walikuwa wameacha baridi ya kuvalia koti. Huku chini, bondeni mwa mto Momba, Oktoba hiyo ya mwaka 1949, hata kivulini palikuwa na joto la kukausha mate.

Konstebo Ezron, mtu mzima wa kijiji cha Mpemba mwenye maoni juu ya kila jambo chini ya jua, alikwisha kuimaliza kesi ndani ya lori.

"Huyu ni wa kamba tu, Sajenti. Kakataliwa binti mbele ya watu, kapanda juu ya nyumba, kaziba lile bomba lake, mzee wa watu kakosa hewa. Sisi kazi yetu ni kumchukua na kuondoka."

"Nyumba yenyewe umeiona?"

"Nimesimuliwa."

"Basi tembea kwanza," Gwakisa akasema, "utahukumu tukifika."

Lakini moyoni hakuwa na raha, maana Bwana Inspekta wa Mbeya alikuwa na maneno yale yale ya Ezron, tena kwenye karatasi. Aletwe mtuhumiwa pamoja na maelezo ya mashahidi, kwa lori hilo hilo. Na mtu akishafika Mbeya na maelezo ya namna ile, hatoki tena isipokuwa kwenda kunyongwa. Gwakisa alikwisha kuwapeleka wawili kwa njia hiyo, na mmoja wao mpaka leo hana hakika naye.

Nyumba ilionekana kutoka mbali. Ilikuwa ya matofali mabichi, kuta zake nene kama mkono mzima wa mtu, madirisha madogo, na juu ya paa ulisimama mnara wa mraba wenye midomo minne, kila mdomo umeangalia upande wake. Watu wa hapo waliuita bomba la Kasiani. Kasiani mwenyewe, fundi aliyezaliwa Isansa, alikwenda vitani na kikosi cha wajenzi, akakaa Misri miaka mitatu, na huko aliona jinsi watu wa jangwani wanavyoukamata upepo juu na kuuteremsha chumbani. Aliporudi alimjengea nyumba ya namna hiyo Mwalimu Jairo, mwinjilisti wa kituo cha misheni, aliyekuwa akiteswa na joto. Kwa mwaka mzima nyumba ile ilikuwa ajabu ya bonde. Watu walikuwa wakija mchana kuomba maji, na wakishaingia hawatoki.

Sasa Mwalimu Jairo alikuwa ameshazikwa. Jumatano mchana alishikwa na homa ya kutetemeka, akalala chumba cha chini ya mnara, na saa tisa alikutwa amekufa. Na fundi alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya ghala la Jumbe Yonasi, aliyemkamata.

Mjane, Mama Roda, aliwapokea mlangoni. Hakulia. Alimpa Gwakisa maji kwenye kata, kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, na Gwakisa akaona kwamba mkono wa kulia hauna kidole cha pete.

"Pole sana, mama. Pole kwa msiba."

"Nimepoa, baba. Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kuuliza kwanza."

"Uliza," Mama Roda akasema. "Lakini mimi nilisema tangu mwanzo. Nilimwambia mume wangu, nyumba haiachwi wazi kichwani kama chungu kisicho na kifuniko. Mtu anatoka jangwani na mambo ya jangwani. Akacheka. Huyo mtu alimtaka binti yangu, mume wangu akamkatalia mwezi wa saba, hapo nje, baada ya ibada, watu wote wanasikia. Jumatano asubuhi akapanda juu ya bomba. Nilimwona kwa macho yangu haya. Mchana mume wangu akafa. Unataka nini tena?"

Gwakisa akayaandika yote daftarini, neno kwa neno. Yalikuwa maelezo mazuri mno, na maelezo mazuri mno humnyima usingizi mpelelezi.

Alianza na barua ya dresa wa zahanati. Dresa yule aliandika kwa kalamu ya risasi kwamba marehemu hakuwa na jeraha, hakuwa ametapika, na kwamba kucha na midomo yake ilikuwa myekundu kupita kawaida. Ezron, akichungulia juu ya bega, akasema hiyo ni sumu. Gwakisa alikuwa akikumbuka jambo jingine. Miaka miwili nyuma, mwezi wa sita, askari wawili walilala na jiko la mkaa kambini Mbeya, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Yeye ndiye aliyewatoa asubuhi, wamekufa. Nao kucha zao zilikuwa hivyo hivyo.

Akamwita binti, Sekela, msichana mrefu wa miaka ishirini hivi, macho yamevimba.

"Baba alipolala Jumatano, mlitia moto chumbani?"

"Makaa, kwenye kigae. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana. Mama alimwekea makaa, akafunga dirisha, akatundika blanketi mlangoni."

"Huwa mnafanya hivyo?"

"Kila akishikwa na homa. Hata wiki mbili zilizopita tulifanya vile vile. Kigae hicho hicho, blanketi hilo hilo. Akalala, akaamka jioni, akaomba uji."

Gwakisa akaacha kuandika. Kigae kile kile, blanketi lile lile, homa ile ile. Mara ya kwanza mtu kaamka na njaa, mara ya pili kafa. Kwa hiyo kati ya siku hizo mbili kuna kitu kimoja kimebadilika katika nyumba hii, akawaza, na nikikipata nimempata mtu wangu.

"Nilikwambia," Ezron akasema. "Kilichobadilika ni bomba kuzibwa."

Na kweli Jumbe Yonasi alikuwa tayari na ushahidi. Alikuja na gunia, amelibeba kwa ncha za vidole.

"Hili limekutwa nyuma ya karakana yake. Limekunjwa, limefichwa. Ndilo alilosokomeza mle juu, halafu watu walipokimbilia maiti akalitoa."

"Umeona akilitoa?"

"Nimefikiri."

Gwakisa akaomba ngazi. Jua la saa tano lilikuwa likimchoma mgongoni alipokuwa akipanda, na kusema kweli hakupenda mahali pa juu, maana yeye alikuwa Mndali, na kule kwao Ileje mtu anasimama juu ya mlima, hasimami juu ya kijiti. Alipofika kwenye midomo ya mnara aliona kwamba mitatu imefungwa kwa vibao, na mmoja tu, wa mashariki, uko wazi. Upepo wa mchana ulikuwa ukitoka huko huko mashariki. Ulimpiga shavuni. Lakini alipotia mkono ndani ya mdomo ule, hewa ilikuwa imesimama, nzito, na ya moto.

Hilo akaliweka akiba. Kisha akatazama ukingo wa ndani. Vumbi jekundu lilikuwa limelala pale, la miezi, kimo cha ukucha, na halikuwa na mkwaruzo wala alama. Akateremsha jiwe kwa uzi, likafika chini bila kugusa kitu. Akashuka, akalinusa gunia, akalikung'uta. Likatoa unga mweupe wa muhogo, chembe ya vumbi jekundu hata moja hapana.

"Jumbe, gunia hili halijawahi kupanda huko. Lingekwenda lingerudi limevaa vumbi, na vumbi la juu lingefutika."

"Basi alitumia jingine," Jumbe akasema, maana hakuwa mtu wa kushindwa mapema.

"Labda. Mlete huyo fundi."

Kasiani aliletwa na kamba yake, mtu mwembamba wa miaka thelathini na mitano, midomo imekauka. Alipomwona Sajenti alibana visigino kijeshi, mikono ikiwa nyuma na kamba, na jambo hilo lilimuuma Gwakisa kuliko alivyotaka.

"Jumatano ulipanda kufanya nini?"

"Kufunga midomo mitatu, Afande. Upepo wa kuzunguka ulikuwa unaleta vumbi. Nikauacha wa mashariki. Mwalimu ndiye aliyeniita."

"Mwalimu aliyekukataa?"

"Mwalimu aliyekuwa amenikubali." Kasiani akameza mate. "Aliniita Jumapili, tukakaa wawili. Akasema, Kasiani, waite wazee wako waje Jumamosi, nitawapokea. Nimeshatuma mtu Isansa. Wazee wako njiani sasa hivi, hawajui kilichotokea."

Jumbe Yonasi akacheka, akamtazama Ezron, na Ezron naye akacheka. Mama Roda, aliyekuwa amekaa kwenye baraza, hakucheka.

"Uongo," akasema. "Mume wangu angeniambia mimi."

"Alisema atakuambia siku yenyewe, mama. Alisema ukijua mapema utapinga."

"Mchukue, baba," Mama Roda akamwambia Gwakisa. "Tafadhali mchukue, nisimwone tena hapa."

Gwakisa akatazama saa yake. Ilikuwa imefika saa saba. Akamwambia Ezron akate majani mabichi, awashe moto mdogo kwenye kigae, akipeleke juu mpaka mdomo wa mashariki. Moshi ukatoka mzito, mweupe. Upepo ukausukuma ndani ya mdomo, na Gwakisa akiwa chumbani, mlango na dirisha vimefungwa, akasubiri uteremke. Haukuteremka. Alipotoka nje aliuona ukijikunja pale pale juu, ukiingia na kurudi, kama mtu aliyebisha hodi akaambiwa hakuna nafasi.

"Mmeona?" Jumbe akasema. "Limezibwa."

"Jiwe limefika chini, Jumbe. Halijazibwa." Akamgeukia fundi. "Kasiani. Bomba liko wazi na upepo upo. Kwa nini hauingii?"

Kwa mara ya kwanza tangu aletwe, Kasiani akasahau kamba. Akaukazia macho ule moshi, uso umekunjamana, akiwa fundi tu ambaye kazi yake imekataa kufanya kazi.

"Haiwezekani," akasema polepole. "Upepo hauingii pasipo pa kutokea, Afande. Unaingia juu, unapita kwenye mitungi ya maji pale chini, unapoa, unavuka chumba, unatoka kwa matundu ya ukuta wa magharibi. Na siku hakuna upepo, mambo yanageuka. Hewa baridi inaingia kwa matundu, ya moto inapanda bombani. Ndiyo maana makaa ya siku za nyuma hayakumdhuru. Matundu yale ndiyo pumzi ya nyumba."

"Matundu gani?"

"Sita. Chini kabisa, karibu na sakafu. Ukubwa wa ngumi."

Wote wakaenda upande wa magharibi. Ukuta ulikuwa laini kutoka kona hadi kona, umekandikwa vizuri, na juu ya udongo palikuwa na mapambo ya vidole, pinde juu ya pinde, mstari baada ya mstari. Hapakuwa na tundu hata moja.

 Gwakisa akapiga magoti, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akisogea hatua kwa hatua. Du, du, du. Halafu sauti ikabadilika. Akagonga tena. Hapo udongo ulikuwa na rangi nzito kidogo, bado una ubichi ndani yake. Akahesabu mahali sita penye sauti hiyo, pamepangwa sawasawa. Ezron akampa kisu.

Lakini Gwakisa hakukitumia. Alikuwa anatazama zile pinde. Kule kwao Ileje mama yake alikandika nyumba kila kiangazi, na dada zake, na kila mwanamke alikuwa na mwandiko wake ukutani. Ukipita unajua nyumba hii kaipaka nani. Vidole vinne huacha mistari minne. Hapa kila upinde ulikuwa na mistari mitatu, miwili imekaribiana, kisha nafasi, kisha mmoja peke yake. Juu ya matundu, na kati yake, na mpaka kwenye kona, ilikuwa hivyo hivyo. Mkono mmoja tu ulikuwa umepita ukuta wote.

Katika kazi hii mtu huomba apate jibu, na mara nyingine akilipata hutamani lingebaki lilipokuwa.

"Mama," akaita bila kugeuka. "Nyumba hii ilikandikwa lini?"

"Jumanne."

"Mwaka jana mliikandika?"

"Ilikuwa mpya, haikuhitaji."

"Na safari hii?"

"Mume wangu alisema Jumamosi tuna wageni. Nyumba isiaibishe watu. Nikaamka alfajiri, nikachanganya udongo." Alikuwa amekaribia, akasimama nyuma yake. "Mimi siachi ufa kwenye ukuta, baba. Huku bondeni nyoka wanaingia kwa matundu. Panya wanaingia. Mama yangu alinifundisha, ukikandika nyumba ya wageni unaanza na..."

Hakumaliza.

Gwakisa akainuka. Angeweza kunyamaza. Angeweza kuvunja ukuta wakati mama yuko ndani, akaandika maneno machache ya kiserikali, akaondoka. Lakini mtu alikuwa amefungwa kamba mbele yake, na aliyemtaka afe alikuwa ni mama huyu. Akamuuliza kwa sauti ya chini, swali la mwisho, kwa sababu lazima liulizwe.

"Wageni gani wa Jumamosi, mama?"

Mama Roda akamtazama Kasiani.

"Hakuniambia," akasema. "Nilidhani wazee wa kanisa."

"Wazee wa kanisa wapo hapa hapa kituoni, wanakula kwenu kila wiki. Uliwahi kuwakandikia nyumba?"

Akatikisa kichwa.

Ezron akamfungua Kasiani bila kuamriwa. Hakuna aliyemwambia Jumbe Yonasi aondoke, lakini aliondoka, na gunia akaliacha. Kasiani akasugua mikono yake, akachukua kisu kutoka kwa Gwakisa, akapiga magoti palipokuwa na tundu la kwanza. Udongo ukaanguka vipande vipande. Kisha la pili. Alipofungua la tatu, ndani ya chumba blanketi lililokuwa bado limetundikwa mlangoni likatikisika, na kutoka kwenye tundu ikatoka hewa, baridi, yenye harufu ya mitungi ya maji na majivu.

Sekela akaanza kulia kwa sauti. Mama yake akainama, akaweka mkono wa kulia mbele ya tundu, ule uliobaki na vidole vinne, gumba likiwemo, na upepo ukapita katikati ya nafasi ya kidole kisichokuwepo. Akabaki hivyo.

"Niliweka makaa mimi," akasema. "Nikatundika blanketi mimi. Na huku nyuma nilikuwa nimeshaziba mimi."

"Hukujua, mama."

"Andika jina langu, baba. Mtu huyu amefungwa siku tatu bila haki. Futa lake, uandike langu."

Ilikuwa saa tisa. Gwakisa akakaa kwenye ngazi, akafungua ukurasa mpya. Aliandika kuhusu kucha nyekundu, vumbi, gunia, moshi na matundu sita. Alipofika kwenye neno yalizibwa, kalamu ikasimama. Bwana Inspekta angeuliza yalizibwa na nani, na angetaka jina, maana karatasi yake ilikuwa na nafasi ya jina.

"Afande." Kasiani alikuwa amesimama mbele yake, kijeshi tena, ingawa safari hii mikono ilikuwa huru. "Andika kwamba mjenzi hakueleza. Ndiyo kweli. Nilimchukua Mwalimu nikamwonyesha tundu moja moja, nikamwambia haya usiyaguse hata siku moja. Nilimweleza mwanamume. Kwetu Isansa nani anakandika nyumba? Nani anaushika ukuta kwa mkono? Huyo sikumweleza hata neno. Kule Misri ni mafundi wanaume wanaopaka kuta, na mimi nikasahau kwamba nimerudi nyumbani."

Gwakisa alimtazama mtu ambaye saa nne zilizopita alikuwa wa kamba, anayeomba sasa kuirudisha shingoni mwake kidogo ili mwingine aivue. Hasira ikampanda, hajui ya nani. Labda ya karatasi yenye nafasi ya jina.

Akaandika: *Yalizibwa wakati wa kukandika nyumba kwa desturi ya mahali, na watu wasiojua kazi yake, kwa nia njema. Kifo cha bahati mbaya. Hakuna wa kushitakiwa.* Akasaini. Akamsomea Ezron, na Ezron, mwenye maoni juu ya kila jambo, akaweka saini yake chini bila kusema kitu.

Honi ya lori ikasikika kivukoni. Gwakisa akaenda kuaga. Mama Roda alikuwa bado ameketi chini, mgongo kwenye ukuta wa magharibi, na Kasiani alikuwa akifungua tundu la sita, taratibu, asimrushie udongo.

"Hao wazee wako," Mama Roda akasema bila kumwangalia. "Wametoka Isansa lini?"

"Walikuwa watoke jana asubuhi, mama. Nitakwenda kuwakuta njiani, niwarudishe."

"Usiwarudishe." Akapitisha kiganja juu ya zile pinde zake, pole pole, mara moja. "Mwenye nyumba aliwaita. Na nyumba nimeshaikandika."